Hodi ya Tatu

Mashine iko Newala, mimi niko Ligula.
Kati yetu ni Nanyamba, Tandahimba, kisha kule juu uwandani,
na waya mmoja mwembamba wa mtandao
unaokatika kila tingatinga likichimba mtaro.

Nataka kuibadilishia kiini.

Nikisema kiini, mama anacheka.
Yeye kiini anakijua kwa vidole:
miaka kumi na tisa kiwandani akibangua korosho,
ganda na mafuta yake yanayochuna ngozi,
majivu viganjani, nyundo ndogo,
na msimamizi aliyelipia nzima tu.
"Ukigonga kwa hasira," husema, "unavuna chenga."

Kosa ninalolifukuza ni dogo.
Mzani wa ghala ukipima magunia elfu,
kiini humeza namba ya gunia moja,
na gunia hilo ni jasho la mtu.
Marekebisho ni mistari minne.
Minne tu! Lakini mashine haivai kiini kipya
mpaka ilale kwanza, iamke,
na isipoamka haitanisikia,
hata niite vipi kutoka huku chini.

Mwaka jana Nandonde aliandika, akabonyeza, akangoja.
Kimya.
Alfajiri akapanda pikipiki,
kibodi kaifunga mgongoni kwa kanga ya mkewe
kama mtoto anayewahishwa hospitali.
Alifika saa tano. Wakulima wamekalia magunia yao.
Hakuna aliyemwambia neno.
Hilo ndilo analolisimulia mpaka leo,
si mvua, si tope la Kitama:
hakuna aliyemwambia neno.

Basi naogopa, na woga wangu nimeupangia kazi.
Kwanza nimekijaribu hapa mezani,
ndani ya mashine ya kujifanya,
kikaanguka mara mbili, ya tatu kikasimama.
Kiini cha zamani sikukigusa, ndicho mwenye nyumba.
Kipya nimekiandikia: wewe ni mgeni wa usiku mmoja.
Ukianguka, usilale chini ukingoja kuokotwa.
Hesabu sekunde thelathini, zima, washa,
na atakayeamka awe mwenye nyumba.
Ukiganda bila hata kuanguka,
mna mlinzi ndani ya chuma,
asipoguswa bega kwa dakika nzima
huvuta swichi mwenyewe, haulizi mtu.

Bi Somoe Mnali, mshika ufunguo wa ghala, nimempigia.
"Usiguse kitu. Niambie taa tu."
"Kijani," anasema. "Na mbu."

Saa nne na dakika kumi usiku. Nabonyeza.

Hodi.
Natuma kijipande cha data, nangoja kirudi.

Hodi.
Mama ameacha kumenya ming'oko.

Hodi.
Adabu yetu inajulikana:
hodi tatu, kimya, mtu hugeuza njia.
Mimi sina njia ya kugeuza.
Nahesabu thelathini, nahesabu tena,
nakumbuka kanga ya mke wa Nandonde, rangi yake,
nashangaa kwamba naikumbuka rangi yake.

Dakika mbili na nusu.
Kisha, kutoka Newala: karibu.

Naingia mbio, nauliza jina.
Ni mwenye nyumba. Yule yule wa zamani.
Mgeni alianguka, akahesabu, akaondoka,
akaniachia barua kwenye kumbukumbu:
mstari wa tatu, alama moja, kosa langu.
Sijawahi kufurahia kushindwa namna hii.

"Imekataa?" mama anauliza.
"Imekataa, ikarudi."
"Basi nzima," anasema, na kurudia ming'oko yake.

Simu inalia. Bi Somoe.
"Ilikuwa nyekundu, ikazima, sasa kijani. Nilale?"
Lala, namwambia. Mnada ni Ijumaa, leo Jumatatu.
Kesho usiku nitabisha tena.