Kutu

Bohumír alipaka madaraja ya Ostrava
rangi ya kuzuia kutu, miaka ishirini na sita:
kukwangua, kupaka, kukwangua tena.
"Mwizi ni hewa," husema. "Chuma hakina kosa."

Jumamosi alinunua chupa kibandani,
bei ya kutupa, lebo imekaa upande.
Jumapili mchana akaniuliza
mbona theluji imejaa jikoni, na huu ni Septemba.

Daktari Hedvika alinichorea nyuma ya bahasha:
ini humkaribisha mgeni yule, humvua koti,
kumbe ndani amebeba asidi ya sisimizi.
Inakwea hadi machoni. Seli hukabwa,
na oksijeni ileile ya uhai
huanza kuzila kama reli iliyosahauliwa.

"Mwili nao una wapaka rangi wake," alisema.
"Glutathioni, vitamini. Wachache.
Hawalali, lakini ndoo zao zina kikomo."

Kisha wakamtundikia dripu ya pombe.
Pombe! Nilicheka hadi muuguzi akanishika bega.
Dawa ya moto ni moto: ini lihangaike na hii safi,
ile nyingine ingoje na koti lake mwilini
mpaka mashine iioshe damu.

Yu hai. Katikati ya kila kitu kuna wingu;
uso wangu huuona akitazama sikio langu.
Jana, kwenye roshani, alipapasa ukingo wa chuma,
akakwangua kwa ukucha, akanusa.
"Hapa," akasema, "mlipaka mara moja tu.
Niletee brashi."