Kuoga Kabla ya Kuoga

Ukishapita Bahi ukaiacha lami,
ukafuata nguzo za umeme mpaka zinapochoka,
utaona bati jekundu, uzio wa minyaa,
na mvuke umesimama juu ya mawe
kama mtu aliyeambiwa asubiri wageni.
Hapo ndipo nilipompeleka mama,
mwezi wa kumi, vumbi mpaka kwenye meno,
magoti yake yakilia kama bawaba za mlango wa zizi.

Chilewa, mwenye nyumba, akatupokea kwa "Mbukwenyi,"
akatuomba viatu.
Akavipanga kizingitini, ncha zikitazama nje.
Mama akaninong'oneza:
"Anatufukuza hata hatujaingia?"

Kisha akatusomea masharti.
Vyumba vitatu, kila chumba na birika lake la saruji,
ufunguo mnao wenyewe, hakuna wa kuwachungulia.
Ila kwanza mkae kwenye kigoda, nje ya birika,
mjimwagie kwa kata, msugue, mtakate,
ndipo muingie majini.
Mama akanitazama.
"Yaani tuoge, ili tukaoge?"

Chilewa akacheka. Naye aliuliza hivyo hivyo,
ujanani, alipokuwa akibeba mabomba
ya wachimba visima waliotoka Japani
kututafutia maji baridi.
Siku ya tisa mtambo ukatema
maji ya kunyonyolea kuku.
Kijiji kizima kikashika tama,
isipokuwa fundi wao mkuu, Bwana Morishita:
alivua kofia, akavua buti,
akaketi mtaroni na suruali yake, macho kayafumba.
"Nyumbani," akasema.
Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili
lisilohusu spana.

Usiku. Birika halina paa.
Harufu ya yai viza, halafu pua inazoea.
Namsugua mama mgongo kwa dodoki,
mgongo ambao sikuwahi kuuona wote.
Nafika utosini: chini ya mvi
pana kibonde, kidogo, cha kutosha kidole gumba.
"Ndoo," anasema, kama anayemtaja jirani.
Naziona alfajiri za mto mkavu,
anafukua mchanga mpaka kiunoni,
anangoja maji yajikusanye,
kata moja, kata nyingine,
na foleni nyuma yake inakohoa.

Tukaingia.
Maji yakapanda, yakavuka ukingo, yakaenda zake gizani.
Mama akaruka!
"Yanamwagika!" Akaziba kwa viganja viwili,
akaziba kwa kiwiko, kwa paja.
"Yaache, mama, ndivyo yalivyo."
"Nani anayalipia?"
"Hakuna. Yanatoka yenyewe."
"Na kuni?"
"Hakuna kuni."
Akanyamaza kwa muda mrefu,
kama mtu anayesomewa kwamba deni lake lilishafutwa,
zamani, barua ikapotelea njiani.
Kisha akajilaza taratibu, maji yakamfika kidevuni,
na goti la kulia likaacha kunung'unika.

Saa nane usiku nikaamka, kitanda chake kitupu.
Nikamkuta nje, kwenye bomba la kumwagia,
amejifunga kanga moja, amechuchumaa
(yeye, ambaye hajachuchumaa tangu Pasaka ya juzi).
Ndoo mbili, beseni, birika la chai,
na chombo cha maua kutoka mezani kwa Chilewa,
vyote vimejaa, vimejipanga barazani,
vinafuka moshi kama ng'ombe wa asubuhi.
"Rudi ulale," akaniambia.
"Hili dumu likijaa nitakuja."

Chilewa hakusema neno. Alitafuta tu kifuniko.

Kwenye gari mama alikataa kuliweka dumu nyuma.
Alilipakata, mikono yote miwili,
hakuzungumza, alitazama mashamba ya uwele yaliyosubiri mvua.
Tulipofika Kigwe akauchukua mkono wangu wa kushoto,
akaubandika kwenye plastiki.
"Bado," akasema.
Ni kweli. Yalikuwa bado ya moto.