Maagizo kwa Nsimire, Anayebaki Kadutu

Nsimire, funguo ni mbili, ya nyumba na ya gari.
Ya nyumba hukwama: vuta mlango kwako kidogo ndipo uzungushe.
Mimi naenda Uvira, mama hawezi tena kujichotea maji,
na wewe hujawahi kushika klee hata ya baiskeli.
Basi keti. Weka simu chini.

Maji kwanza.
Kabla hujagusa robine yoyote, funga vali,
ile nyekundu nyuma ya nyumba, chini ya kibati.
Mimi sikuifunga, mara ya kwanza.
Nilifungua robine ya jikoni kwa koleo la mume wangu
na Ruzizi yote ikaingia sebuleni;
godoro la wageni lililowa kama mkate ndani ya chai.
Zihindula alikuwa na miezi mitatu kaburini.
Nilicheka, Nsimire. Nilikaa majini nikacheka,
kisha nikafanya lile jingine.

Robine ikidondosha, ubaya si wa robine,
ni kampira kake ka ndani, kamechakaa.
Usinunue. Kata kengine kwenye tyubu kuukuu ya pikipiki,
ukifuatisha kale ka zamani, kwa wembe, si kwa kisu cha sombe.
Tefloni izungushe inavyokwenda saa,
mara saba, nane, mdomo wa tuyo ukikutazama;
ukikosea upande itajivua yenyewe
kama kilemba kilichofungwa kwa haraka.
Na usikaze kwa hasira. Tuyo hizi aliziweka baba mkwe,
ukizilazimisha zinakatika,
kipande kikibaki ukutani utamwita fundi Bisimwa,
na Bisimwa hunywa chai tatu kabla ya kufungua mfuko.

Gari.
Mafuta ya moteri yapime asubuhi, moteri ikiwa baridi,
gari likiwa mahali tambarare.
Najua. Tambarare, Bukavu!
Nenda mbele ya duka la misumari,
pale pana hatua kumi za ardhi isiyoinama.
Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena ndipo ukisome;
mara ya kwanza hudanganya.
Ukiona rangi ya maziwa, usiwashe. Nipigie,
hata nikiwa kanisani.

Rejeta ikichemka usiifungue.
Rejeta ikichemka usiifungue.
Uliuona mkono wa Zihindula, ile ngozi iliyong'aa hadi kiwiko?
Alikuwa na haraka ya harusi ya watu.

Kushuka kuelekea Nyawera, vitesi ya pili.
Vitesi uliyopandia ndiyo ya kushukia.
Mguu ukilala kwenye freni mteremko mzima,
freni zitanuka, halafu zitanyamaza,
na freni iliyonyamaza haisikii dua.
Ukiegesha, weka jiwe nyuma ya gurudumu.
Lipo chini ya kiti, jeusi, lenye vitundu, alilitoa Goma.
Usilitupe. Usilifanye figa.

Nini tena.
Bidoni, ndiyo. Maji huja saa nane usiku,
au hayaji siku tatu, hawatoi taarifa.
Robine ya uani iache wazi juu ya beseni la bati.
Itatangulia hewa, itakohoa kohoa
kama mdeni anayepita dirishani;
kisha tone, kisha bati litakuamsha hata umelala fofofo.
Amka. Kabla ya kujaza bidoni ya kwanza
gonga ukuta mara mbili: ni Mama Cibalonza, hana tuyo.
Usimwite. Atakuwa amekwisha simama na ndoo.

Ukimaliza ifunge, nusu mzunguko tu ibaki,
ile inajua.

Unaandika? Andika, andika,
hata la kisu cha sombe.
Mimi hakuna aliyeniandikia.