Geti la Dhahabu

Ufunguo wa pampu naufunga kwenye pindo la khanga,
mafundo mawili, maana moja hulegea nikicheka.
Mwaka wa sita huu. Daftari langu lina majina mia mbili na kumi,
ndoo, tarehe, hamsini, hamsini,
na jina la Chilongani limepigiwa mstari mwekundu: anadaiwa.

Leo wameleta geti.
Vijana wanne wamelishusha kwenye fuso, wakaliegemeza
ukutani mwa ofisi ya kijiji, ofisi isiyo na uzio.
Simba wawili wa chuma, mikia juu,
rangi ya dhahabu inayonata bado ukiigusa.
Zawadi, amesema mwenye shamba la zabibu.
Anachoomba ni kidogo: kisima,
na sahihi ya mweka hazina, chini, upande wa kulia.

Nikamkumbuka Higa,
aliyekaa kwetu Handali miezi ishirini na minne
akibadilisha mipira ya pampu,
aliyejua kusema mbukwenyi kabla ya kujua habari za asubuhi.
Siku moja ya Oktoba, pampu ikikohoa hewa,
alipanga karanga tatu juu ya zege.

Kwetu, alisema, ni kisiwa.
Zamani kilikuwa nchi, na kabla ya kuwa nchi
kilikuwa karanga tatu hizi:
Mlima wa Kaskazini, Mlima wa Kati, Mlima wa Kusini.
Kila mmoja na ngome yake ya mawe ya matumbawe,
kila mmoja akipeleka China farasi na salfa
apate kurudishiwa vyungu, hariri,
na barua ya kumwambia: naam, wewe ni mfalme.
Wafalme watatu! Na kisiwa chenyewe kina urefu gani?
Akahesabu kwa vidole.
Kwenda Mpwapwa, akasema, na kurudi nusu ya njia.

Wa Kusini alikuwa na chemchemi.
Wa Kati alikuwa na kiambaza cha kukunja,
kimepakwa dhahabu; kikikunjuliwa
chumba kinawaka bila taa.
Wa Kusini akakitamani hata usingizi ukamkataa.
Hadithi inasema
(Higa alirudia mara mbili: ni hadithi)
wakabadilishana.

Halafu? aliuliza Ndahani, ndoo kichwani, tupu.

Halafu wa Kati akasimama penye maji,
akawaambia wakulima wenye mpunga unaonyauka:
anayenitambua, na achote.
Vita havikuwa vikubwa.
Watu walizifuata ndoo zao.
Akaiokota karanga ya Kusini, akaimenya, akaila.

Tulicheka sana siku ile.
Sisi ndio Kati, tulisema, Kanda ya Kati!
Tukagonganisha viganja.
Na kule mjini ghorofa zilikuwa zikipanda,
kila moja na matenki yake juu, meusi, yenye kiu,
wala hatukumuuliza Higa
karanga yetu ni ipi.

Mwenyekiti amefungua kalamu.
Mbuzi wa Chilongani anajikuna kwa simba wa kushoto,
ubavu wake umepata mstari wa dhahabu.
Nimeomba nisome kwanza.
Nimesoma kwa kidole, neno kwa neno,
hadi kivuli cha geti kimefika miguuni mwangu.
Kisha nimeuliza:
yule mfalme, asubuhi yake ya kwanza,
alipotaka kunawa uso,
alikikunjua kiambaza upande gani?

Mfalme yupi? akauliza mwenyekiti.
Mwenye shamba akatazama saa.
Ndahani peke yake, mjumbe siku hizi, mwenye miwani,
akakohoa kama pampu isiyo na maji
na kuuficha uso kwa kitenge.

Kesho, wamesema. Tutaendelea kesho.
Geti wameliacha pale pale.

Foleni imefika hadi kwenye miiba ya zizi.
Nafungua daftari, nalamba ncha ya kalamu.
Nimecheka njia nzima, peke yangu, kama mwehu.
Fundo la kwanza limeshalegea.
Nalipapasa la pili.