Kamera ya Kumi na Saba

Miaka tisa nimepanda Kerinci na betri mgongoni,
kutoka mashamba ya chai hadi ukungu unapoanza kunuka kuvu,
nikifunga kamera kwenye mashina, kimo cha goti,
nikizifungua baada ya mwezi kama mtu afunguaye barua ya mkopo.
Niulize nimepata nini.
Tapiri, mara mia mbili na ushei, daima kwa makalio.
Nungunungu. Kwale. Nyani aliyeilamba lenzi.
Chuimilia mmoja, usiku mmoja,
na mikono yangu ikatetemeka wiki nzima.
Mimi mwenyewe, nimeinama, suruali imechanika.
Mtu Mfupi wa msituni, mwenye manyoya,
mwenye visigino vilivyogeuka mbele:
sifuri.

Lisemwalo lipo, hunijibu watu kibandani pa kahawa,
na kama halipo, laja.
Lipo, nawaambia, lipo mdomoni,
linakula wali pamoja nasi.
Mwaka juzi lilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la tatu,
mwaka huu limefika begani mwa Zulhendri muuza petroli,
na Zulhendri si mfupi.

Bwana Joost huja kila Juni na magunia ya jasi.
Nampenda; hulipa wapagazi kabla hawajadai.
Nilimwonyesha topeni: dubu akishuka mtoni,
mguu wa nyuma hukanyaga palepale ulipokanyaga wa mbele,
nyayo mbili zinaungana, unapata wayo mmoja mrefu
wenye vidole vya binadamu asiyezaliwa.
Akatikisa kichwa, akakoroga jasi.
Anazo nyayo arobaini na moja huko kwao, rafuni,
na hana hata goti moja.

Lakini Mjomba Bakhtiar aliliona.
Kaka wa mama, aliyenisomesha kwa magome ya mdalasini,
gome kwa gome, hadi chuo cha misitu.
Akifika pale, sauti hushuka, watoto husogea.
"Lilinitazama," husema, "kama mtu anayekudai."
Tangu siku hiyo hakuna akataye kuni ng'ambo ya korongo.
Mwezi Machi nikaifunga huko ya kumi na saba,
kwa ubishi tu,
nimkomeshe mjomba kwa heshima.

Picha ya 4,112. Saa kumi kasorobo, alfajiri.
Kiumbe kimoja, wima, kifupi,
mgongo umepinda, mikono imefika magotini,
mwili mzima nywele ndefu zinazoning'inia.
Nikakaa chini kwenye majani mabichi.
Moyo ukafanya jambo ambalo siku zote
nililicheka kwa wenzangu.

Kisha nikaikuza.
Nywele zikawa magome, mzigo mzima,
umekazwa kwa fundo tunalofungia mbuzi wetu.
Na chini ya mzigo, viatu vya mpira;
cha kushoto kina kiraka
nilichokibandika mwenyewe, sikukuu iliyopita.

Nikavuka korongo. Ndani ya hifadhi, ekari mbili za mdalasini,
zimepaliliwa kuliko kaburi la bibi.
Hapana mbwa, hapana seng'enge.
Hadithi moja tu, iliyonolewa miaka thelathini.

Bwana Joost angeinunua picha ile kwa bei ya pikipiki.
Mkuu wa hifadhi angekuja na pingu.
Rejesta ina safu ya mwisho: Aina ya kiumbe.
Mimi, ninayewaambia watoto wa shule
kwamba jicho lenye hamu huona,
kwamba ushahidi ni jino, ni mfupa, ni kinyesi,
si woga wa jirani,
nilikaa na kalamu hadi chai ikapoa,
nikaandika: Hakikutambulika.

Jumapili mjomba akaja na samaki.
"Bado hujaliona?"
"Bado."
Akacheka, akaingia ndani,
viatu akaviacha mlangoni,
visigino mbele.