Daftari la Ghala, Tanga

Mwezi huu wameondoka saba.
Tajiri ananiuliza mimi, karani: wanataka nini?
Aliwapa fulana zenye nembo,
akawapa na soda siku ya Mei Mosi.

Sikumjibu. Nilimtazama Shekiondo
akishusha robota la katani kutoka begani,
nyuzi zimemganda shingoni kama mvi,
akitafuta pa kukaa. Hapana pa kukaa.

Jumamosi nikabeba benchi la mama kutoka Ngamiani,
nikaliweka mlangoni, penye upepo.
Daftarini nikafuta "kibarua kumi na nne",
nikaandika: Shekiondo, Athumani.

Jumatatu alikuja mapema.
Akasoma jina lake kwa kidole, polepole,
akauliza kama benchi litabaki.
Litabaki, nikasema.

Mshahara hakuutaja.
Nikaona haya mimi.