Daftari la Stoo ya Nne

Stoo ya nne, nyuma ya stesheni ya Moshi,
wanaivunja wajenge gereji.
Nimepewa kibarua cha siku tatu kutoa makaratasi:
ya kuuza kwa kilo huku, ya kuchoma kule.
Vumbi la maganda ya kahawa bado linawasha pua,
miaka tisini baadaye.

Siku ya pili nikafungua daftari la jalada la kitani.
Mwandiko wa karani mmoja, wino wa zambarau:
Magunia mia tisa na arobaini. Kwa reli hadi Tanga.
Meli: Hortensia.
Na kwenye safu ya mwisho, palipotakiwa tarehe,
neno moja limebanwa ukingoni:
Hayakufika.

Makuli wa Tanga jina hilo hawakulitumia.
Walimwita Kikohozi,
maana alikohoa mara tatu kabla ya kung'oa nanga,
na masizi yake yakatua kwenye kanzu za Ijumaa.

Alizaliwa baridini, chuma juu ya chuma,
akauzwa, akauzwa tena, kama ng'ombe aliyeacha kuzaa.
Alibeba mabati. Alibeba chumvi, mafuta ya taa,
nyumbu kumi na wanne waliompiga mateke ya mbavu usiku kucha.
Alibeba reli zenyewe, pande kwa pande,
zile zile zilizopanda kuja kutuchukulia kahawa.
Tanuri lake lilikuwa na viraka
kuliko suruali ya mchunga mbuzi.

Babu wa baba yangu, Ndekirwa wa Kibosho,
alishuka na treni kulinda magunia yasidokolewe njiani.
Pale gatini mchochea moto alikuwa hoi kwa homa.
Wakamtazama Ndekirwa mikono, wakampa beleshi.
Misimu mitano.
Mtu wa chini ya theluji, akilisha moto chini ya maji.
Nyumbani walipomuuliza bahari ikoje, alisema:
"Sijui. Mimi niliona tanuri."

Haikuwa dhoruba. Sisi watoto tulitaka dhoruba.
Ilikuwa saa tisa mchana, maji yametulia kama uji uliopoa,
ribiti moja ikachoka.
Maji yakaingia kwa adabu, yakalowesha gunia la chini,
gunia likavimba, mshono ukaachia,
na buni zikaanza kutembea ndani ya ngama
zikifuata maji yanakovutwa,
mpaka kwenye koo la pampu.
Buni zilizochambuliwa moja moja na vidole vya wanawake wa mlimani.
Safi. Hakuna hata kijiti.
Zikaziba.

Pembeni mwa ukurasa karani ameandika kwa penseli,
herufi ndogo, kama mtu anayeiba:

    Meli ilibeba buni, buni hizo zikaziba,
    Mdomo wa bomba chini, maji yakaja kushiba,
    Tuandike kitu gani, hasara au msiba?
    Wenyewe wa milimani, wanangoja zao haba.

Halafu hesabu zinaendelea. Misumari. Sabuni. Turubai moja, kuukuu.

Ndekirwa alirudi kwa treni, nyusi zimeungua,
miguuni viatu vya mtu mwingine.
Stesheni ilijaa. Walimuuliza magunia
kabla ya kumuuliza hali.
Hakukasirika. Angekuwa wao, angeuliza vilevile.

Msimamizi amesema vya kuchoma vichomwe leo.
Nimelisha moto tangu asubuhi; kumbe mkono ninao.
Ila daftari hili nimelikalia.
Ukurasa wa arobaini na sita, majina ya wenye mali:
311, 312. Ndeshisaria, mke wa Ndekirwa.

Bibi alisimulia kwamba kila msimu wa mavuno
yule mama aliuliza, bila kuinua macho kwenye ungo,
"Na yale mawili?"
Naye, akisukuma kuni chini ya chungu cha mbege:
"Yako njiani."